Ripoti ya Upimaji wa Kompyuta za Chama: Nani Aipate na Nani Asiipate

Vyama vingi vya akiba na mikopo, pamoja na baadhi ya vyama vya msingi vya mazao, vimekwisha kuhamisha hesabu za wanachama kutoka katika leja za mkono na kuziweka katika kompyuta. Kwa sababu hiyo imetokea haja ya kupima mara kwa mara kama kompyuta hizo ni salama. Kazi hiyo hufanywa na programu maalumu ambazo, zikishawashwa, hupita zenyewe katika kila kompyuta ya chama zikitafuta mahali ambapo mwizi angeweza kuingilia. Mwisho wa kazi programu hutoa ripoti, pengine ya kurasa mia na zaidi, nayo huletwa mezani kwa katibu. Ugumu wake hauko katika kuipata ripoti bali katika kuitumia.

Kabla ya upimaji hapana budi iwepo idhini ya maandishi ya Bodi, yenye kutaja kompyuta zitakazopimwa, siku ya kazi, na jina la mpimaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa ni kosa, na kwa mtu aliye nje programu hizi hazina tofauti na mtu anayejaribu vitasa vya milango usiku.

Yafaa ieleweke kwamba programu hizi hazina maarifa ya ajabu. Nessus, iliyoanza mwaka 1998, na OpenVAS, iliyotokana nayo baada ya mwaka 2005 na ambayo hutumiwa bila malipo, hufanya kazi kwa kulinganisha. Huuliza kila kompyuta inatumia programu gani na toleo gani, kisha hutazama katika orodha ya udhaifu unaojulikana. Tangu mwaka 1999 udhaifu hupewa namba inayotumika ulimwenguni pote, ikianza na herufi CVE na mwaka. Namba hiyo ni kama namba ya uanachama. Mafundi wawili walio mbali huweza kuzungumzia jambo lilelile bila kuchanganyikiwa, na ripoti mbili za programu tofauti huweza kulinganishwa.

Pembeni mwa namba huwekwa alama kutoka 0 hadi 10. Kwa kipimo kinachotumika sana, alama 7.0 hadi 8.9 huonyesha hatari kubwa, na 9.0 kwenda juu hatari kuu kabisa. Udhaifu wa Log4j uliotangazwa Desemba 2021 ulipewa 10 kamili. Hata hivyo alama haiijui nyumba ya chama. Udhaifu wa alama 9 katika kompyuta ya kuandikia barua, isiyounganishwa na mtandao wowote, waweza kusubiri. Wa alama 6 katika kompyuta yenye leja ya mikopo, inayofikiwa kutoka nje, hauwezi. Katibu anayejua kila kompyuta imebeba nini ndiye anayeweza kupanga yapi yaanze, wala asimwachie fundi peke yake.

Tena ripoti hukosea. Baadhi ya watengenezaji huziba tundu bila kubadili namba ya toleo, na programu iliyosoma namba tu italia kwamba tundu lipo. Maonyo ya namna hiyo yasifutwe kimyakimya. Fundi ahakikishe, kisha aandike sababu, jina lake na tarehe, ili upimaji ujao usimrudishe mtu mwingine katika kazi ileile.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, yaani ripoti kunyamaza mahali penye tundu. Mfano unaojulikana ni wa kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Tarehe 7 Machi 2017 ulitangazwa udhaifu katika programu iitwayo Apache Struts, pamoja na dawa yake. Tarehe 9 Machi kampuni iliwapelekea watumishi zaidi ya 400 barua pepe ikiwataka waweke marekebisho katika muda wa saa 48. Lakini orodha ya wapokeaji ilikuwa imepitwa na wakati, na ujumbe haukuwafikia waliokuwa wakishughulikia mfumo wenyewe. Tarehe 15 Machi ilipitishwa programu ya kupima. Ilitazama sehemu ya juu ya mfumo bila kuingia katika sehemu ya ndani ambamo Struts ilikuwamo, nayo haikuona kitu. Tarehe 13 Mei wezi waliingia, wakakaa humo hadi mwisho wa Julai. Taarifa za Wamarekani wapatao milioni 147 zilichukuliwa, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa si chini ya dola milioni 575.

Tangazo lilikuwapo, dawa ilikuwapo, chombo cha kupimia kilikuwapo, na barua iliandikwa mapema. Barua iliyopelekwa kwa watu 400 haikuwa ya mtu yeyote. Kwa chama chenye watumishi watano jambo hili huenda likaonekana la mbali, lakini si la mbali hata kidogo: ripoti ikitumwa kwa anwani ya meneja aliyeondoka mwaka jana, matokeo yake ni hayohayo. Kwa hiyo kila kasoro ipewe mtu mmoja kwa jina, naye athibitishe kwa maandishi kwamba ameipokea.

Upande mwingine wa shauri ni siri. Ripoti hutaja anwani za kompyuta, matoleo ya programu, na milango isiyofungwa. Mikononi mwa mwizi ni ramani. Zaidi ya hayo, programu zinazopima kurasa za mtandao, kama ZAP, huhifadhi maombi na majibu yaliyopita wakati wa kupima, na humo huweza kuonekana majina na salio la wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ripoti ni sehemu ya taarifa hizo. Haifai basi kuirusha katika kundi la WhatsApp la wajumbe, wala kuitoa nakala za kugawa ukumbini. Ipelekwe ikiwa imefungwa kwa neno la siri, na neno hilo litolewe kwa simu, si katika barua ileile.

Ripoti kamili ni ya fundi na katibu. Bodi itoshelezwe na ukurasa mmoja: kasoro kubwa ni ngapi, ngapi zimezibwa tangu mara iliyopita, nani amechelewa, na fedha kiasi gani zinahitajika. Mkutano mkuu uelezwe kwamba upimaji ulifanyika, lini, na matumizi gani yanaombwa. Mwanachama ana haki ya kujua kama akiba yake inalindwa, ingawa hana haja ya kujua mlango gani una kitasa kibovu. Mwuzaji wa programu apewe yanayohusu programu yake tu.

Hapa pana jambo linalovihusu vyama kwa namna ya pekee. Mara nyingi mwuzaji mmoja huviuzia vyama vingi programu ileile, kwa hiyo tundu lililoonekana kwa chama kimoja huenda liko kwa majirani wote. Chama kinachoficha kwa kuona haya kinawaacha wenzake wazi. Njia ya kufaa ni kumwandikia mwuzaji kwa kutaja siku ya mwisho ya kurekebisha, na wakati huohuo kuarifu Chama Kikuu, ambacho kitavitahadharisha vyama vingine bila kutaja tundu lilionekana wapi. Muda wa siku 90, unaotumiwa na kikundi cha Project Zero cha Google kabla ya kutangaza udhaifu hadharani, ni kipimo kinachoweza kufuatwa. Ila palipo na fedha za wanachama Bodi yaweza kudai upungue.

Mambo haya yote yaandikwe katika daftari moja, kama hoja za ukaguzi wa hesabu: namba ya udhaifu, kompyuta ilipoonekana, tarehe, jina la aliyekabidhiwa, na tarehe ya kufungwa. Hoja haifungwi kwa neno la fundi kwamba amemaliza. Hufungwa pale upimaji wa pili unapoonyesha kwamba tundu halipo. Na katibu anapohama, daftari hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na funguo za sefu, na anwani yake iondolewe katika orodha ya wapokeaji siku hiyohiyo.