Kodi yao ni porojo na wazee

Mwanafunzi wa chuo aliyewahi kufungiwa chumba kwa kukosa kodi anaijua fedheha yake. Sasa hebu fikiria, ewe msomaji, mwenye nyumba akikwambia: pesa zako sizitaki, nenda ukapige gumzo na nyanya wa chumba cha pili.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mjini Deventer, Uholanzi. Serikali ilikuwa imebana fedha za kutunza wazee, nao wanafunzi walilemewa na kodi. Mnamo 2012 makao ya wazee ya Humanitas, yenye wakazi 160 hivi, yalimkaribisha mwanafunzi wa kwanza aishi humo bila kulipa hata ndururu. Wazo lilikuwa la mkurugenzi wake, Bi Gea Sijpkes. Baadaye wanafunzi walifika sita. Sharti lilikuwa kutoa saa 30 kila mwezi kuwa jirani mwema. Ukipiga hesabu, ni kama saa moja kwa siku.

Usidhani walikwenda kuosha wagonjwa au kugawa dawa. Hiyo ni kazi ya wauguzi. Wao waliketi na wazee wakitazama michezo kwenye televisheni, wakasherehekea nao siku za kuzaliwa, wakawafundisha kompyuta, na mmoja akiugua walimkalia karibu.

Waweza kuuliza, hilo nalo ni jambo? Ni jambo kubwa. Mzee anayeshinda na wazee wenzake husikia habari za magoti na mgongo asubuhi hadi jioni. Aingiapo kijana aliyerudi nyumbani alfajiri, au aliyeachwa na mchumba, hapo kuna la kuulizana!

Wapo watakaosema huko si kujitolea, kwa kuwa kuna malipo. Binafsi sioni kosa. Lakini kuna gharama ambayo kijana hupata kuijua baadaye. Jirani wa miaka 90 si wa kudumu. Siku moja unarudi kutoka darasani, unabisha mlango kama kawaida, na aliyekuwa akikungoja hayupo tena.

Hapa Nairobi wazee wengi hawako katika makao kama hayo. Wengine wamo katika fleti za watoto wao, wakishinda peke yao na redio huku wajukuu wakiwa shuleni. Orofa ya juu yake anaishi mwanafunzi, naye yuko peke yake, akiwaza kodi ya mwisho wa mwezi. Wawili hao hupishana kwenye ngazi, na huenda hata shikamoo haijapita kati yao.