Cherehani Yako Waitia Mafuta Gani?

Katika pitapita zangu mtaani Kisenyi, mjini Kampala, mwezi uliopita, nilimkuta mama mmoja mshonaji ameketi barazani nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga. Mikono ameiweka mapajani, na mbele yake kumelala kitambaa cha gomesi cha rangi ya maziwa chenye matone meusi mfano wa wino. Gomesi hiyo ilikuwa ya kwanjula, yaani sherehe ya binti kumtambulisha mchumba wake nyumbani kwa wazazi. Sherehe ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Kulikoni, mama?" nilimwuliza.

"Mwalimu, sina la kusema. Mashine ilikuwa nzito, nikaitia mafuta. Sasa jionee mwenyewe."

Nilipodadisi zaidi nilielezwa kisa kizima. Kwa muda wa miezi kadhaa mama huyu alikuwa akiitia cherehani yake mafuta ya kupikia, kwa kuwa yako jikoni siku zote na hayahitaji safari ya dukani. Mwanzoni mashine ilikwenda vyema. Baadaye ikaanza kuwa nzito kidogo kidogo, hata miguu ikawa inamwuma ifikapo adhuhuri. Ndipo jirani yake, mtengenezaji wa magari, alipomhurumia na kumpa chupa ya mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka katika injini. Mashine ikalainika kwa nusu saa tu. Kisha mafuta yale yakateremka kwa kufuata fimbo ya sindano, yakadondokea gomesi ya watu.

Makosa hayo mawili si ya mama huyu peke yake. Ni makosa ya mitaa mingi, na kwa Kisenyi yana sababu zake. Mtaa huu ulio jirani na soko la Owino, ambalo sasa huitwa soko la Mtakatifu Balikuddembe, umejaa vinu vya mahindi, wachomeleaji wa vyuma na mafundi wa kila namna. Mafuta ya injini yaliyokwisha kazi hupatikana bure au kwa bei ya chini mno. Mtu aliye na shida huchukua kilicho karibu.

Kwanza yafaa tujue mafuta hufanya kazi gani. Chuma, hata kikisuguliwa kikang'ara kama kioo, ukikitazama kwa hadubini utaona vilima na mabonde. Vyuma viwili vikisuguana, vilima hivyo hugongana, hukwanguana na kutoa joto. Mafuta hutandaza utando mwembamba katikati, kila chuma kikateleza juu ya utando badala ya juu ya mwenzake. Sasa fikiri: kwa kila mshono mmoja fimbo ya sindano hushuka na kupanda mara moja, na cherehani ya kukanyaga hupiga mishono mia kadhaa kwa dakika moja. Nafasi iliyopo kati ya fimbo hiyo na tundu lake ni finyu kuliko unywele. Mafuta mazito hayapiti humo kwa urahisi, na yakipita huikamata fimbo na kumchosha mkanyagaji.

Kwa sababu hiyo viwanda hupima wepesi wa mafuta kwa namba. Mafuta ya cherehani kwa kawaida huwa kati ya namba 10 na 22 katika kipimo cha kimataifa kinachopimwa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 40. Mafuta ya injini ya gari ya daraja la 40, yakipimwa kwa joto hilohilo, hupita 100. Kumwagia cherehani mafuta ya gari ni sawa na kumvika mtoto viatu vya baba yake kisha kumwambia akimbie. Shida hii haiko kwa washonaji tu. Hata wapiga shabaha wa mashindano, ambao bastola zao zimeundwa kwa vipande vidogo vilivyopimwa kwa makini, hulazimika kuchagua mafuta mepesi yasiyogandamana, na kutia kidogo sana, la sivyo mtambo wa kufyatulia huwa mzito kidoleni na shabaha hupotea. Mashine ndogo zote zenye kazi ya makini zina tabia moja.

Kwa nini basi mafuta ya kupikia hayafai, ilhali nayo ni mepesi na huteleza? Jibu limo katika hewa. Mafuta mengi yatokanayo na mbegu, kama alizeti, soya na mahindi, hushikana na hewa ya oksijeni na kubadilika pole pole hata yakawa utomvu unaonata. Mama yeyote aliyewahi kusugua sufuria lenye mabaki ya mafuta ya zamani anaufahamu utomvu ule wa manjano. Wachoraji huutumia ubaya huohuo kwa manufaa yao: mafuta ya kitani huchanganywa na rangi kwa sababu hukauka yakawa ngozi ngumu. Ndani ya cherehani ngozi hiyo ndiyo huifunga mashine.

Mafuta ya nazi hayakauki upesi namna hiyo, lakini yana kasoro yake. Huganda joto lishukapo chini ya nyuzi 24 hivi. Mshonaji wa Mombasa au Unguja huenda asilitambue jambo hili kwa miezi mingi ya mwaka, kwani usiku wa pwani una joto. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka mpaka karibu na nyuzi 17. Mwenye kutia mafuta ya nazi huku ataikuta mashine yake asubuhi imeshikwa na shahamu nyeupe. Samli na mafuta ya ng'ombe sina haja ya kuyaeleza. Panya wenyewe watakueleza.

Mafuta machafu ya injini yana hatari kubwa zaidi. Ndani yake mna masizi, vumbi la chuma na tindikali zilizotokana na moto wa injini. Masizi huchafua nguo kwa doa ambalo sabuni hushindwa kulitoa, na vumbi la chuma huisaga mashine kama msasa. Tena kuna afya ya mshonaji. Wasokotaji nyuzi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, walikuwa wakirushiwa mafuta ya mitambo kwenye nguo zao kwa miaka mingi, na wengi wakapata saratani ya ngozi katika sehemu za siri. Madaktari wa Manchester waliandika habari zao mwaka 1922, na ilipofika mwaka 1953 kanuni za serikali ziliagiza yatumike mafuta yasiyo na madhara hayo. Mafuta yale hayakuwa hata yale machafu yatokayo katika gari. Yalikuwa tu hayajasafishwa ipasavyo. Mama anayejifuta mafuta ya gari kwenye kanga yake kila siku, kisha akamshika mtoto, inampasa ayafikirie hayo.

Yafaayo ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana, mepesi, meupe kama maji na yasiyo na harufu kali. Huuzwa katika vichupa vidogo vyenye mdomo mrefu kwa wauza vipuri vya cherehani. Zamani, kabla mafuta ya petroli hayajasafishwa kwa ustadi wa leo, mashine za kazi nyembamba zilitiwa mafuta ya nyangumi aina ya kashaloti, ambayo hayagandi upesi wala kunata. Nyangumi wakamalizwa baharini, hata mwaka 1986 likaanza kutekelezwa agizo la kimataifa la kusimamisha uwindaji wao wa biashara. Sisi hatuhitaji tena kumwua mnyama ili tushone suruali.

Jihadhari na vichupa vilivyojazwa mitaani. Mnunuzi aweza kuyajaribu mafuta yake nyumbani bila chombo chochote. Dondosha tone moja juu ya kipande cha kioo, uliache dirishani siku kadhaa, kisha liguse kwa kidole. Likinata, si mafuta ya cherehani. Dondosha tone jingine katika kitambaa cheupe, ukifue kwa sabuni baada ya siku moja. Likiacha doa la manjano, usilikaribishe katika mashine. Na wako wanaopenda dawa za kupuliza, kama ile iitwayo WD-40. Dawa hiyo iliundwa Marekani mwaka 1953 ili kufukuza maji katika vyuma, na hata herufi zake zina maana hiyo. Hulegeza kutu vizuri, lakini utando unaobaki ni mwembamba mno kwa mashine inayofanya kazi kutwa.

Namna ya kutia mafuta ina uzito sawa na kuyachagua, na hapa ndipo wengi wetu hukosea kwa ukarimu. Tone moja kwa kila tundu latosha. Kabla ya hapo, ondoa sindano na bobini, fungua bamba lililo chini ya mguu wa kukanyagia nguo, na kwa burashi ndogo toa nyuzi na manyoya ya pamba yaliyojisongamanisha kati ya meno yanayosukuma nguo. Manyoya hayo yakilowa mafuta huwa kama blanketi bovu, hunywa kila tone unalotia. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono pole pole ukitazama ni wapi chuma kinasuguana na chuma, na hapo ndipo pa kutia tone. Usisahau maungio ya kanyagio la miguuni, ambayo wengi huyaacha mpaka yalie. Lakini ukanda wa ngozi usiuguse kwa mafuta hata kidogo, maana utateleza. Wala visahani vinavyokaza uzi, maana uzi utapita na mafuta hadi kwenye nguo.

Mshonaji anayekanyaga kutwa atie mafuta kila siku au kila baada ya siku mbili. Anayeshona mara moja moja, kila anapotaka kuanza baada ya mashine kukaa. Kwa Kisenyi naongeza jambo. Unga wa vinu huruka na kutua kila mahali, na cheche za wachomeleaji huacha vumbi kali. Unga ukikutana na mafuta huwa ugali, na vumbi la chuma likikutana nayo huwa msasa. Kwa hiyo mwenye baraza karibu na kinu asafishe mara nyingi zaidi, atie kidogo zaidi, na jioni aifunike mashine kwa kitambaa kizito. Sijaona kinga rahisi kuliko hiyo, na sijui kwa nini inadharauliwa.

Wenye mashine mpya za umeme wasifuate maneno yangu kabla ya kusoma kitabu cha mashine yao. Baadhi ya mashine hizo zina meno ya plastiki na vyuma vilivyonyweshwa mafuta kiwandani, na mwenyewe hatakiwi kuongeza chochote. Zile kubwa za viwandani zina bakuli la mafuta chini yake. Hizo hutazamwa kipimo, na mafuta yakibadilika rangi humwagwa na kutiwa mapya.

Nirudi kwa mama yetu. Fundi wa cherehani aliitwa, akaondoa sindano na bobini, akatia mafuta ya taa katika kila tundu kwa kulegeza utomvu. Kazi hiyo ilifanywa mbali na jiko la mkaa, na jambo hilo nalitilia mkazo, kwani mafuta ya taa hushika moto upesi. Mashine ikalala hivyo usiku kucha. Asubuhi aliizungusha kwa mkono, ukatoka uchafu wa rangi ya kahawia mithili ya gundi, akapangusa, akarudia, kisha akakausha kabisa. Mafuta ya taa si mafuta ya kulainisha. Yakiachwa yenyewe huacha chuma kikavu na kutu hufuata. Ndipo yakatiwa mafuta ya cherehani, tone kwa tone. Uchafu wote uliwekwa katika kopo na kukabidhiwa kwa wanaokusanya mafuta machafu, haukumwagwa mtaroni. Mitaro ya huko huishia katika mfereji wa Nakivubo, na mfereji huo huelekea Ziwa Viktoria, katika ghuba ileile ambamo Kampala huteka maji yake ya kunywa huko Ggaba.

Kuhusu gomesi, tulijaribu. Doa la mafuta safi ya cherehani, likiwahiwa, hufunikwa kwa unga wa chaki au wa muhogo unaonyonya mafuta, hukung'utwa, kisha husuguliwa kwa sabuni ya kipande na kufuliwa kabla ya pasi kugusa, maana pasi hulipika doa likakaa daima. Lakini lile lilikuwa doa la masizi. Chaki ilinyonya mafuta, weusi ukabaki. Ilimlazimu mama akate upande mzima uliochafuka na anunue kitambaa kingine kwa fedha zake mwenyewe, jambo lililomla faida yote ya kazi ile na kitu juu yake.

Ijumaa mchana alishona kwanza juu ya kitambaa kikuukuu, mistari kumi, ishirini, mpaka uzi ukatoka mweupe usio na alama. Gurudumu lilikuwa likizunguka kwa kidole kimoja. Jioni nilipopita tena alikuwa akimalizia pindo la mwisho, na ile chupa ya mafuta ya gari alikuwa amekwisha kumrudishia jirani yake.