Ubao unataka kibali, gitaa halitaki

KIGALI — Mfanyabiashara anayevuka Rusumo na ubao wa mninga kwenye buti la gari, hata kama ni kipande cha nusu meta, amebeba bidhaa inayodhibitiwa kimataifa. Akivuka na gitaa la umeme lililokamilika, lililochongwa kutoka ubao huohuo, kibali hicho hakimhusu. Mti ni mmoja na mpaka ni mmoja. Tofauti ni kazi iliyofanyika katikati.

Ndiyo maana utengenezaji wa magitaa ya umeme, unaofanywa na watu wengi duniani kama burudani ya mwisho wa wiki, unawagusa pia wanaoishi kwa kuvuka mipaka. Anayetaka kujitengenezea gitaa hapa Kigali atatafuta mbao za Tanzania au za Kongo, vifaa vya umeme kutoka Kampala au Nairobi, na msaada wa maseremala wa Gisozi. Sehemu kubwa ya gitaa lake itakuwa imepita forodhani kabla halijatoa sauti.

Si kazi ya kiwanda pekee

Rwanda haikuanza jana kufunga nyuzi juu ya mti. Inanga, ala ya jadi ya nchi hii, huchongwa kutoka ubao mmoja kama sinia refu, kisha nyuzi hupitishwa juu yake. Gitaa la umeme lina undugu na inanga kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nalo mara nyingi ni ubao mzima usio na tundu la sauti.

Gitaa la kawaida lisilo la umeme hutegemea kisanduku cha mbao nyembamba sana, na kosa dogo huua sauti. Katika la umeme, sauti hunaswa na sumaku iliyo chini ya nyuzi na kupelekwa kwenye amplifaya. Kwa hiyo seremala mwenye mkono mtulivu anaweza kuanza na la umeme bila kupitia miaka ya uanagenzi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza. Mwaka 1963, akiwa bado kijana wa shule asiye na fedha za kununua gitaa alilolitaka, alianza kulitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, Harold. Shingo waliichonga kutoka mbao za jiko la ukutani la zamani, na springi walizichukua kwenye injini ya pikipiki. Gitaa hilo ndilo alilolipiga katika maisha yake yote ya muziki.

Karibu na kwetu, Kinshasa, fundi Misoko Nzalayala, anayefahamika kwa jina la Socklo, alijijengea sifa kwa kuwatengenezea magitaa wanamuziki wa jiji hilo, kwa mbao za Kongo na vifaa vinavyopatikana mtaani.

Mbao ni kidogo, lakini iwe kavu

Mwili wa gitaa la umeme hutoka kwenye ubao wa takriban sentimita 50 kwa 35, wenye unene wa milimita 45 hivi. Kwa mti wa uzito wa wastani, kipande hicho hakifiki kilo tano. Kwenye Agakiriro ka Gisozi, ambako samani za Kigali huchongwa, vipande vya ukubwa huo hubaki baada ya kutengeneza meza na milango.

Si lazima mti utoke mbali. Mgrevilea, ambao wakulima wa Rwanda huupanda kandokando ya mashamba, si mzito na una michirizi ya kupendeza ukipigwa randa. Vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo barakoa na mikono mirefu ni lazima. Kwa shingo unatakiwa mti mgumu zaidi usiopinda, kwa maana nyuzi sita za chuma huivuta kwa nguvu kubwa usiku na mchana. Ndani ya shingo hupitishwa nondo nyembamba ya chuma inayokazwa kwa spana ndogo, ili kuinyoosha pale inapopinda.

Adui mkubwa ni unyevu. Mbao mbichi huchukua karibu mwaka mmoja kukauka kivulini kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Njia rahisi ya kupima ni mizani: ubao upimwe kila wiki na uzito uandikwe. Uzito ukiacha kushuka, ubao uko tayari. Anayeharakisha ataona shingo ikipinda na viungo vikiachia ndani ya miezi michache, na fedha ya vifaa vyote itakuwa imepotea.

Hesabu ya shingo

Sehemu isiyosamehe makosa ni ubao wa vidole, mahali pa kupandikiza freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyogawa noti. Magitaa mengi hutumia urefu wa uzi wa milimita 648, kutoka ncha ya juu ya shingo hadi kwenye daraja.

Kanuni ni moja. Urefu hugawanywa kwa 17.817, na jibu ni umbali wa freti ya kwanza: milimita 36.37. Kisha urefu uliobaki, milimita 611.63, hugawanywa tena kwa namba ileile, na freti ya pili huwa milimita 34.33 mbele ya ile ya kwanza. Hesabu huendelea hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 324. Isipoangukia hapo, kuna kosa nyuma. Kosa la milimita moja linaweza kusikika.

Waya mwembamba kama unywele

Kinasa sauti, ambacho wapigaji hukiita pikapu, si kifaa cha ajabu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, takriban mizunguko 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Nyuzi za nailoni hazitafanya kazi hapo, kwa kuwa sumaku haizihisi.

Mafundi wa kusuka mota wanaijua kazi ya kuzungusha waya na kuhesabu, lakini waya wao ni mnene zaidi. Huu mwembamba huagizwa, au huokolewa kutoka kwenye vifaa vidogo vya zamani vya umeme. Wengi wanaoanza hununua kinasa kilichokamilika na kubaki na kazi ya kuunganisha vitufe vya sauti, swichi na tundu la waya, ambayo fundi redio yeyote anaiweza. Leo Fender, Mmarekani ambaye kampuni yake ilitoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, naye alikuwa fundi redio.

Kung'arisha na hatari ya moto

Umaliziaji ndio unaotofautisha ubao wenye nyuzi na gitaa la kuuzwa. Msasa huanza na namba 120 na kupanda hadi 320, kila mara kwa kufuata michirizi ya mti. Vitundu vya mti hujazwa, kisha rangi au vanishi hupakwa kwa tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, na kila moja husubiri kukauka. Vanishi ya kupuliza huachwa wiki tatu au nne iwe ngumu, ndipo isuguliwe kwa maji na msasa wa namba 1000 hadi 2000, na kung'arishwa kwa kitambaa laini.

Majira nayo yana neno. Katika mvua za Machi hadi Mei, au zile za mwisho wa mwaka, unyevu hunaswa ndani ya vanishi na kuifanya iwe nyeupe kama ukungu. Kwa Kigali, Juni hadi Agosti ndio muda salama wa kazi hiyo.

Thina hushika moto kwa cheche moja. Agakiriro ka Gisozi kamewahi kuungua zaidi ya mara moja, na waliopoteza mali wanajua mbao, rangi na moto vinavyokaa pamoja hufanya nini. Anayefanya kazi hii kwenye chumba cha kupanga asipulize vanishi karibu na imbabura ya mkaa. Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani navyo vinaweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa; vitandazwe nje au vilowekwe kwenye maji.

Karatasi za mpakani

Kwa mfanyabiashara, hapa ndipo penye fedha ya kupotea au kuokolewa. Mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo katika tishio, uliiweka miti yote ya jamii ya mpingo, Dalbergia, chini ya udhibiti kuanzia Januari 2017. Watengenezaji wa magitaa duniani walitikisika, na baadhi walibadilisha mbao za ubao wa vidole. Kuanzia Novemba 2019, ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, ziliondolewa kwenye sharti hilo. Mbao ghafi za mpingo hazikuondolewa.

Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Panama, nchi wanachama ziliongeza miti ya Afrika ya jamii ya mninga, mkongo na mkangazi, maarufu kama mahogani. Sharti lilianza Februari 2023, na linahusu magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia na plaiwudi. Mbao hizo zikivuka mpaka wa nchi, hata ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zinahitaji kibali cha CITES kutoka nchi zinakotoka, mbali na hati za kawaida za mazao ya misitu. Msaji unaopandwa mashambani haumo kwenye orodha ya CITES, lakini nao husafirishwa kwa hati za misitu.

Gitaa lenyewe likivuka kibiashara hutamkwa forodhani kama bidhaa nyingine. Kifungu chake ni 9207, cha ala za umeme, na nyuzi na vipuri viko 9209. Anayenunua nyuzi za China kule Kampala asidhani zimekuwa bidhaa za Jumuiya: cheti rahisi cha asili, kinachotolewa mpakani kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama.

Faida iko wapi

Anayetengeneza gitaa moja kwa mkono hatashindana kwa bei na kiwanda cha China. Akihesabu saa zake, hasara iko wazi. Anachopata kwanza ni ujuzi, na ujuzi huo una wateja: makwaya, bendi na makanisa yenye magitaa yanayohitaji freti mpya, vitufe visivyokwaruza na shingo iliyonyooshwa. Kwa mfanyabiashara, nyuzi ni bidhaa nyepesi inayochakaa na kununuliwa tena, tofauti na gitaa linalokaa miaka.

Wilayani Kilwa, Tanzania, vijiji vinavyosimamia misitu yao vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009, na mpingo wao ukawa unauzwa kwa karatasi safi. Anayenunua ubao Rusumo, Goma au Gisozi anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: ni mti gani, umetoka msitu gani, na hati zake ziko wapi? Muuzaji asipokuwa na majibu, mgrevilea wa shamba la jirani hutoa gitaa zuri bila kuvuka mpaka wowote.