Riwaya ya ujambazi inaposimuliwa kutoka ndani ya nyumba

Msikilizaji, riwaya ya uhalifu tuliyoizoea wengi wetu ina mpelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Baadaye Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Tunamfuata shujaa, jambazi anakamatwa au anapigwa risasi, tunafunga kitabu. Ni nadra kuambiwa jambazi yule ameacha watoto wangapi na kesho yake walikula nini.

Iko aina nyingine, inayoanzia nyumbani kwa jambazi mwenyewe. Wengi waliionja kwenye mabanda ya video kupitia The Godfather, filamu ya mwaka 1972 iliyotokana na riwaya ya Mario Puzo. Michael, mtoto wa mkuu wa genge, ametoka vitani na hataki kazi ya baba yake. Baba anapigwa risasi, mtoto anaingia ili amlinde, na mwishowe yeye ndiye anayekuwa mkuu. Hakuamka asubuhi moja akaamua kuwa jambazi. Alianza kwa kumpenda baba yake, na hilo ndilo linalotisha.

Ukivuka Namanga, Kenya wana habari iliyo kinyume chake. John Kiriamiti alizaliwa Murang'a mwaka 1950, na wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Wanaosema mtoto wa nyoka ni nyoka watamweka wapi huyu? Alifukuzwa sekondari, akawa mchomoa mifuko jijini Nairobi, kisha mporaji wa benki, na mwaka 1971 akafungwa. Maisha hayo aliyaandika katika My Life in Crime, kilichotoka mwaka 1984. Humo anajiita Jack Zollo.

Kitabu kilichofuata, My Life with a Criminal, cha mwaka 1989, kinasimuliwa na Milly, msichana aliyempenda Zollo bila kujua kazi yake. Nyumba ya namna hii huishi kwa kutoulizana. Fedha zinaonekana lakini kazi haionekani, na anayeuliza sana anaonekana mkorofi. Mtoto anayekulia humo hujifunza kunyamaza kabla hajajifunza kusoma.

Hapa Elerai na vijijini kuzunguka Mlima Meru jambo hili si la vitabuni tu. Mwizi akipigwa na umati, umati hutawanyika, lakini mtoto wake anabaki na jina la baba kwenye foleni ya bomba na darasani. Sheria ya Tanzania humwadhibu anayepokea mali akijua ni ya wizi. Haimwadhibu mtoto kwa makosa ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa. Kumwita "mtoto wa jambazi" ni adhabu tunayoitunga sisi majirani.

Vitabu vya Kiriamiti ni vya Kiingereza. Anayetaka kuvisoma tungemshauri aanze na cha Milly, ingawa kilitoka baadaye. Kile cha kwanza kina mbio na milio ya risasi, na kijana akikisoma peke yake anaweza kumwonea Zollo wivu.