Mpangaji Asiyeandikwa

Mkataba wa chumba jijini Dar es Salaam mara nyingi ni karatasi moja au mbili za kujaza: mwenye nyumba, mpangaji, kodi, muda. Nafasi ya jina la mpangaji ni moja. Kifungu kinachomkataza kuweka mtu mwingine bila idhini huwa kipo chini, na husomwa siku ya ugomvi.

Asiyeandikwa hahamii kwa siku moja. Anakuja kujishikiza, wiki mbili tu, hadi mambo yake yakae sawa. Linatangulia begi, inafuata pasi, kisha godoro. Ikiingia televisheni, ujue mambo yamekaa sawa, ila yamekaa hapo hapo. Mwenye nyumba huchelewa kujua. Wanaowahi ni wapangaji wengine, kwa sababu bili ya maji hugawanywa kwa vichwa, na umeme wa LUKU wa nyumba nzima ukianza kuisha mapema, kila mtu anageuka mkaguzi.

Wengi hudhani kumtoa ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini yeye anamtambua aliyetia saini, na huyo ndiye atakayeandikiwa notisi. Mzigo unamwangukia aliyemkaribisha, na aliyekaribishwa kwa kawaida ni binamu, mtu wa kijijini kwao au mpenzi ambaye mapenzi yamekwisha na nguo zake bado zimetundikwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye pesa. Kodi hudaiwa kwa mkupuo, miezi 6 au hata mwaka mzima. Mpangaji akipungukiwa, mwenzake anatoa laki mbili, bila risiti, maana kuandikiana ni kama kutoaminiana. Kuanzia hapo pesa ile ina majina mawili: mmoja anaiita mchango, mwingine anaiita nusu ya kodi. Akiambiwa ahame katikati ya muda, atauliza ya miezi iliyobaki iko wapi, na swali lake ni la haki. Anayetaka mtu aondoke aanze na kikokotoo, maneno yafuate. Mwenye nyumba naye asipokee kodi kutoka mkononi mwa mgeni huyo na kumwandikia risiti. Atakuwa amejitafutia mpangaji wa pili.

Vijembe havisaidii. Kufungia sukari kabatini, kupika kwa kipimo cha mtu mmoja, kuweka maneno makali kwenye stetasi ya WhatsApp: aliyekaa miezi minane kwa wiki mbili ana ngozi ya kutosha kwa hayo yote.

Kubadilisha kufuli na kutupa vitu nje ni kubaya zaidi. Aliyetupiwa anakwenda polisi na kusema televisheni imevunjika na laki sita zilizokuwa chini ya godoro hazionekani. Polisi ambao jana wangemwambia mwenyeji kwamba hilo ni suala la madai, leo wana jinai ya kupeleleza.

Kinachofaa ni tarehe iliyoandikwa, hesabu ya pesa iliyokubaliwa, na shahidi. Watu hukimbilia kwa mjumbe wa nyumba kumi, ingawa huyo ni kiongozi wa shina la chama. Wa serikali ni mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Wakishindwa hapo lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliiamui. Kuamua ni kazi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni wachache wanaofika huko kwa ajili ya chumba na sebule. Kodi yenyewe ingeisha kabla ya shauri.

Ndiyo maana wapo wanaosubiri iishe kweli, wanamkabidhi mwenye nyumba funguo kwa maandishi, kisha wanahama wao na kumwachia mgeni wake. Dalali wa chumba kipya atataka kodi ya mwezi mmoja. Hulipwa bila kubishaniwa.