Dereva mwenye presha ya macho apimwe kwa haki

Mzigo ukishateremshwa Ras Kamboni, tajiri humtegemea dereva, na dereva huyategemea macho yake. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, mara nyingi haiumi. Hula kwanza uoni wa pembeni. Mtu aweza kusoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini, na bado asimwone mbuzi anayeingia njiani kutoka kando.

Kwa hiyo ubao peke yake hautoshi. Nchini Uingereza dereva hupimwa macho yote yakiwa wazi, akibonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Wa gari dogo hutakiwa kuona upana wa nyuzi 120. Wa lori, 160. Idara ya leseni hulipa gharama, lakini idara hiyo hiyo ndiyo humwelekeza kituo cha kwenda.

Hapo ndipo penye suala la haki. Kipimo hiki hutaka utulivu: aliyechoka au mwenye wasiwasi hukosa nukta ambazo siku nyingine angeziona. Kukosa mara moja kusimnyime mtu riziki kabla hajapimwa tena, ikibidi kwa mtaalamu mwingine.

Somalia iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Kanuni za leseni zinapozungumzwa, jambo hili lisisahauliwe. Nao matajiri wasingoje sheria: dereva apelekwe kupimwa mapema. Dawa ya matone huzuia hasara. Uoni uliokwisha kupotea haurudi.