Mke wa Kaburi Lisilokuwepo

Katika Kidholuo, mjane huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Istilahi hii imenishughulisha zaidi ya nyingi nilizopata kuzifundisha, kwa sababu inachukulia kwamba kaburi lipo, tena lipo bomani ambapo mke analiona kila asubuhi. Je, mwanamke ambaye mumewe alitwaliwa kuwa mpagazi mwaka 1917 akafia njiani, au alizama baharini Februari 1944 pamoja na meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, alikuwa mke wa kaburi lipi?

Swali hili linamhusu mwanaisimu, lakini linamhusu zaidi mwandishi wa riwaya. Naliweka mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili wakati ambapo baadhi ya wenye majibu wangali hai.

Isebania ni mahali pafaapo kuanzia. Mji huu wa Kaunti ya Migori unatazamana na Sirari iliyoko Tanzania, na Wakuria wanaishi pande zote mbili za mstari ambao Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1886 bila kumwuliza mwenyeji yeyote. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka likaingia Kisii, na tarehe 12 pakapiganwa. Kisha ikafuata kamatakamata ya wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimerithi jina la kikosi chao. Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hasa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, baada ya vita hivyo.

Ikiwa waliokufa wenyewe hawana majina, sembuse wake zao? Sanamu ya ukumbusho iliyozinduliwa Nairobi mwaka 1928, kando ya barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, ina watu watatu, na wote ni wanaume.

Kwa mujibu wa mila ya Waluo, mjane alipata mlinzi, jater, na watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wa marehemu. Hivyo askari wa Keya aliyeuawa Burma mwaka 1944 angeweza kupata mwana mwaka 1950, na hakuna mtu kijijini ambaye angesema kwamba pana uongo. Kwa Wakuria, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Ng'ambo ya Tarime desturi hiyo inajulikana kama nyumba ntobhu. Mwanamume aliyezaa hakuwa baba kwa jina. Mgeni huita mambo haya siri. Mimi nadhani ni mambo yaliyojulikana na wote na kutamkwa na wachache, na tofauti hiyo ndiyo inayopasa kumsumbua mwandishi.

Fasihi yetu ya vita imekaa zaidi na majemadari. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliwatungia utenzi Wadachi na waliowapinga pwani. Shaaban Robert akaitungia utenzi vita ya 1939 hadi 1945. P. M. Kareithi katika Kaburi Bila Msalaba (1969) alileta Mau Mau katika riwaya ya Kiswahili. Ukitaka vikongwe wenyewe waketi pamoja na kukumbuka, utawapata kwa Kiingereza, katika The Present Moment ya Marjorie Oludhe Macgoye (1987). Abdulrazak Gurnah naye, katika Afterlives (2020), anamfuata Afiya, msichana aliyeachwa na kaka yake aliyekwenda kuwa askari wa Wajerumani. Yaliyompata kaka huyo yanafichuka miaka mingi baadaye, mpwa wake anapochimbua kumbukumbu Ujerumani. Mpwa huyo alikuta mafaili. Mjukuu wa mpagazi wa Migori hatakuta faili lolote, kwa hiyo hana budi kumwendea bibi yake.

Na hapo ndipo penye ugumu. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka upande huo wa Migori alinijia na sura tatu za riwaya. Bibi yake alikuwa amemsimulia nani hasa alimzaa babu, kisha akamwonya, "Mjukuu wangu, haya nimekupa wewe, sikuwapa watu." Akaniuliza kama kuandika ni kuvunja agano. Wenzangu wengine wangemjibu upesi kwamba sanaa ni huru. Mimi nilimwuliza kwanza kuhusu shamba. Siri ya namna hii ina ekari ndani yake: mtoto aliyehesabiwa wa marehemu kwa miaka 70 anaweza kuamka akaambiwa na binamu zake kwamba si wa ukoo, na karatasi itakayoletwa mbele ya wazee au hakimu ikawa ni riwaya yenyewe.

Ushauri wangu ulikuwa kwamba aandike, ila ahamishe kila kitu. Abadili ukoo, kilima, mwaka, hata idadi ya watoto. Mwanahistoria analazimika kumtaja shahidi wake, ilhali mwandishi wa riwaya ana ruhusa, na katika hali hii ana wajibu, wa kumficha. Kitu kimoja tu nilimsihi asikibadili: chi liel. Alikuwa ameandika "mjane" kila mahali, na neno hilo, ingawa ni Kiswahili safi, linafuta kaburi na pamoja nalo swali zima la kitabu chake. Amelirudisha. Sura ya nne bado hajaniletea. Anasema bibi anataka kwanza asomewe zile tatu.

Mwanamke aliyekuwa bi arusi wa askari mwaka 1942 leo anakaribia miaka 100, kama yupo. Lakini kuna vita vingine. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na Mkoa wa Mara ulitoa askari wengi waliokwenda hadi Kampala, iliyoanguka Aprili 1979. Mwanamke aliyebaki Tarime na mtoto mgongoni, akiwa na miaka 20, hajafika 70. Kutoka Isebania, ni mwendo wa kuvuka mpaka tu.